Bibi Yangu kwenye Ukurasa wa Mtu

Kila nikiikumbuka habari hii nasaga meno, na baba watoto akinisikia huchukua kiti chake akaenda kukaa nje. Anasema yameshapita, yule bwana mwenyewe alishahama Nachingwea siku nyingi, niachane nayo. Sijaachana nayo. Watu wanapenda sana kumwambia aliyeibiwa kwamba yameshapita. Aliyeiba hawamwambii kitu.

Mimi nilikuwa mchapaji. Miaka ya elfu mbili nilichapa barua kwenye ofisi moja mjini Nachingwea, kwanza kwa taipureta, halafu walipotuletea kompyuta nikahamia kwenye kompyuta. Kuchora haikuwa kazi yangu. Nilichora jioni na siku za mapumziko, kwa kuwa mikono yangu ikikaa bure inaniwasha, na kwa kuwa nililelewa na bibi mzaa mama kijijini, upande wa Malolo, wilaya ya Ruangwa, kwenye nyumba ya udongo ambayo kuta zake zilichorwa kila mwaka.

Nieleze uchoraji wenyewe, maana ugomvi wote umekaa humo. Kiangazi, ufuta ukishavunwa na korosho bado hazijaanza kudondoka, wanawake wa kwetu walizikandika upya nyumba zao. Udongo mwekundu tulichimba kwenye kichuguu. Mweupe tuliufuata mbali, kwenye kingo za mto, tukarudi nao kichwani huku unatutiririkia shingoni. Mweusi tuliutengeneza kwa mkaa uliopondwa. Ukuta ukishasiribwa na kukauka kidogo, bibi alichora kwa vidole na kwa kijiti alichokitafuna ncha mpaka ikachambuka kama mswaki. Alichora kuku na vifaranga, wanawake wanaotwanga, mtu anayesukuma baiskeli yenye gunia. Mwaka mmoja nikiwa shule ya msingi, miaka ya tisini hiyo, alichora lori lililokuja kubeba korosho likakwama kwenye tope, dereva kasimama pembeni kashika kiuno. Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kulicheka lile lori. Dereva mwenyewe msimu uliofuata akapita, akajiona ukutani, akacheka mpaka akaomba maji ya kunywa.

Mvua zikianza, picha zinateremka na maji, basi. Mimi nilikuwa nalia. Bibi alinishangaa.

"Unalilia udongo?" aliniambia. "Udongo si upo pale kichuguuni?"

Na hakuna mtu aliyeandika jina. Nani aandike jina lake kwenye nyumba ya mwenzie? Bibi aliitwa kuchora hata kwa jirani, na akishamaliza, picha zile zilikuwa za jirani. Watu walisema twende tukaone ukuta wa fulani, na huyo fulani ni mwenye nyumba. Aliyechora anajulikana, kijiji kizima kinaujua mkono wake, ya nini kuandika? Tena jina la bibi yako kwetu hulitaji hovyo. Unasema bibi, inatosha. Mpaka leo nikilitamka mbele ya mama yangu ananikata jicho. Haya ya majina nayasema mapema, ili mtu asije mwishoni akaniambia kwamba nilikuwa mjinga.

Mjini Nachingwea sikuwa na ukuta wa kuchora, nyumba tuliyopanga ilikuwa ya sementi, na sementi haishiki udongo. Nikaanza kuchora kwenye karatasi za manila. Udongo ni uleule wa kwetu, mama mdogo alinifungia kwenye mifuko akanitumia kwa gari la Ruangwa, nami nikauchanganya na utomvu usipukutike. Walimu na wauguzi waliokuwa wakihamishwa walinunua kwangu moja moja, za kuagia. Haikuwa kazi ya kutajirisha mtu. Ilikuwa hela ya pembeni, ya sabuni, ya daftari za watoto, na ilinipa furaha kuliko mshahara.

Halafu akaja yule bwana. Alikuwa mfanyabiashara kutoka mkoa mwingine, kijana wa makamo, msafi, mwenye maneno laini. Alikuwa na duka la kutoa fotokopi, akaliongezea kompyuta kadhaa, dishi juu ya bati na jenereta nyuma, akatangaza intaneti. Siku moja aliziona picha zangu kwa mwalimu, akanitafuta. Alitaka ukuta wa mbele wa duka lake uwe na picha kama hizo. Nikamwambia ukuta wake haujapigwa lipu, ni matofali mabichi, kwa hiyo udongo utashika. Nikaukandika mwenyewe, nikauchora Jumamosi na Jumapili, baraza lake lina bati refu, mvua haifiki. Malipo tulikubaliana yawe muda wa kutumia kompyuta.

"Dada, hivi vitu vinaozea hapa," aliniambia akiutazama ukuta. "Kuna watu duniani wangevilipia. Tufungue blogu."

Sikujua blogu ni nini. Akanieleza: ukurasa kwenye mtandao, unaweka picha, unaandika maneno chini yake, wanaotaka wanasoma. Yeye alikuwa na kamera. Mimi nina vidole vya kuchapa. Tukaanza.

Siwezi kudanganya, siku zile nilizipenda. Nikitoka ofisini nilipitia pale, jenereta linanguruma nyuma, picha moja inapanda mtandaoni kwa muda wa kuchemsha maharage, nami nachapa maneno ya chini yake. Niliandika jinsi bibi yangu anavyotafuna kijiti. Niliandika bibi yangu aliniambia nisilie udongo. Niliandika nyumba ya bibi yangu iko wapi, barabara gani unashika, ukifika uulizie nyumba ya lori, kila mtu atakuonyesha. Bibi yangu, bibi yangu, kila picha bibi yangu. Jina lake sikuliandika, na langu pia sikuliandika. Nilikuwa nachora ukuta tu, ila huu wa mtandaoni.

Watu wakaanza kujibu. Wa Dar es Salaam, wa Arusha, Watanzania walioko nje wanaosema wamelia. Wakaanza kuagiza. Mmoja anataka lile lori, mwingine anataka kuku, mwingine anataka mama yake mzazi achorwe akipepeta. Mimi nachora kwenye manila, yeye anafunga, anatuma kwa basi, hela inaingia kwake, ananigawia. Kwa hela ile nilimnunulia bibi kitanda cha chuma na godoro, kikabebwa kwenye gari mpaka kijijini, na majirani wakaja kukijaribu mmoja mmoja. Nilijiona mtu.

Baadaye akaanza kuniambia mtandao mzito. Nisijisumbue kukaa, nichape maneno yangu kwenye faili, nimwachie, atayapandisha mwenyewe. Nikamshukuru! Nilimshukuru kwa kunihurumia.

Niliujua ukweli ofisini, asubuhi, chai haijaisha kikombeni. Alikuwa amehamia dada mmoja mtumishi kutoka Dar, mcheshi, mwenye kompyuta yake ya kubeba na kile kidude cha intaneti cha kuchomeka. Aliiona picha ukutani nyuma ya meza yangu.

"He! Na wewe unamkubali yule kaka?" akasema. "Mi namfuatilia tangu niko Dar. Kwanza anavyomzungumzia bibi yake, jamani! Mwanaume wa hivyo utampata wapi?"

Nikamuuliza kaka gani. Akanifungulia.

Juu kabisa ya ukurasa ilikuwa picha yake. Amesimama mbele ya ukuta nilioukandika mimi, amejipaka udongo mikononi mpaka kwenye viwiko, ameshika kijiti changu. Amekishika upande uliotafunwa. Chini limeandikwa jina lake lote, na neno mchoraji. Na chini ya hapo, maneno yangu. Hakubadilisha hata moja. Hakuhitaji kubadilisha. Bibi yangu anatafuna kijiti. Bibi yangu aliniambia nisilie udongo. Niliyaandika mimi kwa mikono hii, na sasa yanasema kwa mdomo wake. Angeniibia picha tu, huenda ningesahau, picha nilizoea kuziona zikifutika. Alinichukulia bibi. Mwanamke aliyeniogesha, aliyenitafunia nyama nikiwa na vidonda vya mdomo, kageuzwa bibi wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Malolo.

Sikumaliza chai. Nilikwenda dukani kwake na sauti ikanitangulia.

"Dada, punguza, kuna wateja," akasema, uso mkavu. Alinivutia kiti. Sikukaa. "Ile blogu ilidai jina na picha, nikaweka. Wewe hukuweka. Hata hapa nje hukuandika jina lako. Tena niliuliza wenyeji, wakaniambia huku kwenu ukuta uliochorwa ni wa mwenye nyumba. Si ndivyo?"

Hapo ndipo damu iliponichemka kabisa. Aliuliza! Alikwenda akawakalisha watu wetu, akawanunulia soda, akajifunza desturi yetu vizuri kama mtu anayetaka kuoa kwetu, halafu akairudisha akanipiga nayo usoni.

"Na bibi?" nikamuuliza. "Bibi naye ni wa mwenye nyumba?"

Akacheka. "Aah, dada. Bibi ni bibi. Kila mtu ana bibi."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee mwenye heshima zake, akanisikiliza, akauliza hicho kilichoibwa kiko wapi tukakione. Nikasema kiko kwenye intaneti. Wajumbe wakatazamana. Mmoja akauliza kama bibi mwenyewe bado yupo. Nikasema yupo, mzima. Akasema sasa kaibwa vipi? Wakacheka wote, na mwenyekiti akajitahidi asicheke, nikaona ni afadhali angecheka tu.

Nikafanya niliyoyaweza. Jumapili asubuhi nilibeba ndoo ya udongo mwekundu mpaka dukani kwake, nikaukandika ukuta ule wote, kuanzia juu mpaka chini, mwekundu mtupu. Waliokuwa wanatoka kanisani walisimama kutazama. Wauza mitumba wakanipigia miluzi. Alitoka nje akiwa na chai yake, akaegemea mlango, akanitazama mpaka mwisho, na nilipomaliza akaniambia asante, maana picha zenyewe anazo kwenye kompyuta. Alikuwa anasema kweli. Kwetu mvua ikishafuta, kimefutika. Kwake hakikufutika kitu.

Nikaacha kumchorea. Nilidhani akikosa picha mpya atakwisha. Hela ya pembeni ikakatika, ya kwangu mimi maana yake, yeye sijui. Nikarudi kuwauzia walimu, na mwalimu mmoja mgeni akaniambia picha zangu nzuri, ila nimemwiga sana yule wa mtandaoni.

Kisha siku moja nikamwona kwenye ua wetu. Nilikuwa nimechuchumaa nachanganya udongo. Amebeba sukari, amebeba kitenge, amevua kofia. Akaniita dada yangu. Kuna watu wanakuja kutoka Dar, akasema, wana kamera ya video, wanataka kumpiga picha mchoraji pamoja na bibi yake. Siku moja tu. Bibi hatapungua kitu. Nami sitakosa chochote. "Kwa hiyo naomba uniazime," akasema.

Alitumia neno hilohilo, uniazime, kama anaomba jembe. Nilimmwagia ndoo nzima. Udongo mweupe, ule wa kufuata mbali, na siujutii. Alitoka uani kwetu mweupe kuanzia kwenye kola mpaka kwenye viatu, na watoto wa jirani wakamsindikiza kwa makelele mpaka barabarani. Ile ndiyo siku pekee katika habari hii ambayo nikiikumbuka nacheka.

Lakini hakuhitaji kuazimwa. Njia ya kwenda kwa bibi niliiandika mwenyewe kwenye ukurasa wake. Shika barabara hii, ukifika uulizie nyumba ya lori.

Mama mdogo ndiye aliyenipigia simu, kwa sauti ya furaha. "Wageni wako wamefika salama, na gari zuri. Bibi kafurahi mno."

Wageni wangu. Yule bwana alimwambia bibi kwamba ametumwa na mimi.

Nilipata gari la Ruangwa mchana, nikafika kijijini jua limeshalala, nao wameshaondoka. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunga kitenge kipya, kilekile nilichokikataa mimi. Alinisimulia mpaka akakohoa. Wageni wako watu wazuri. Wameniletea sukari. Wamenipiga picha nikitembea, nikicheka, nikitafuna kijiti. Nimewachorea. Na ukuta nyuma yake ulikuwa bado mbichi, akanionyesha: mwanamke amekaa mezani, mbele yake mashine, vidole vingi kuliko vya binadamu vinaparamia vitufe, kichwani kilemba kama changu.

"Ni wewe huyo," akasema. "Nimetaka wakuone. Mbona hukuja nao?"

Ningemwambia nini? Kwamba amekaribisha mwizi? Alikuwa mzee, macho yamechoka, na kwa mara ya kwanza maishani watu wametoka Dar es Salaam kuja kumtazama yeye akichora. Nikasema nilibanwa na kazi. Nikala naye ugali, nikaufumba mdomo wangu, na hasira yote nikarudi nayo Nachingwea.

Zile mvua zilizofuata zilimkuta kitandani, kitanda kile cha chuma, na hakumaliza masika. Tulipokwenda kumzika, ukuta ulikuwa umeshaoga. Mashine, meza, kilemba, vidole, vyote vilikuwa chini, tope la rangi moja, na watu wa mazishi wanapita juu yake.

Ile video niliiona baadaye, kwa dada yuleyule wa ofisini, ambaye wakati huo alikuwa anaujua ukweli na alikuwa ananionea aibu. Ilikuwa inakatika kila baada ya neno. Bibi anatoka mlangoni, anamwona yule bwana, anamnyooshea mikono: "Karibu, mume wangu!" Watu wa kamera wanacheka, wameridhika, nani asiyejua kwamba bibi humtania mjukuu wake hivyo. Chini yake watu wameandika, jamani utani wa bibi na mjukuu. Bibi yangu alimwita mume wangu kila mwanaume kijana aliyepita kwenye ua wake. Alimwita hivyo muuza samaki. Alimwita hivyo karani wa sensa. Alimwita hivyo dereva wa lile lori.

Halafu anasimama mbele ya ukuta, udongo mkononi, anaielekea kamera na kuongea Kimwera. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, jambo likiwa la moyoni alirudi kwenye lugha yake. Anagusa kile kilemba alichonichorea, anasema: huyu ndiye wangu, anapiga mashine Nachingwea, nimemlea mimi. Mbona hamkuja naye? Mwambieni aje.

Yule bwana, ambaye hajui Kimwera hata cha salamu, anaigeukia kamera akitabasamu. "Bibi anasema huyu ni mama wa hapa kijijini," anaeleza, "ana cherehani."

Ilipofika hapo niligonga meza, kikombe kikaanguka, na mkuu wa ofisi akatoka kuuliza kuna nini. Wewe ungeanzia wapi?

Watu huniuliza kwa nini mpaka leo naifungua ile video, kama inaniumiza hivyo. Baba watoto anasema najitonesha kidonda makusudi. Hawajafikiri. Bibi hakuwahi kurekodiwa mahali pengine. Hatukuwa na kamera, hatukuwa na simu za kurekodi, picha zake mbili za pasipoti za kadi ya kupigia kura ndizo tulizo nazo, na humo amenuna. Sauti yake, kicheko chake, anavyotembea akiburuza mguu wa kushoto, vinapatikana sehemu moja tu duniani, kwenye ukurasa wa yule bwana. Kwa hiyo nikizidiwa naifungua. Ananiulizia, mbona hamkuja naye, mwambieni aje. Nami nalia mbele ya simu, na chini ya video ile namba ya watazamaji inapanda kwa mmoja, na huyo mmoja ni mimi, nimemwongezea.